Mteremko Walionipa kwa Kejeli

Ukoo ulipokaa kugawa mali ya baba, kaka yangu mkubwa alipewa kibanja chote, pamoja na migomba, mibuni, nyumba ya bati na kaburi la baba lililo nyuma ya nyumba. Mimi, niliyekuwa nimerudi kutoka kwa mume huko Ndama na godoro, sufuria tatu na hasira, sikutajwa mpaka watu walipoanza kutafuta viatu vyao waondoke. Nikauliza, "Na mimi?" Wakanitazama kama vile kuku wa kwenye sufuria ndiye aliyeuliza.

Kaka akanyoosha kidole juu, nyuma ya nyumba, juu ya migomba, juu ya njia ya ng'ombe. "Wewe chukua kule," akasema, na watu wakacheka. Hata mimi ningecheka kama ningekuwa mwanamume wa ukoo aliyeshiba rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu asubuhi.

Kule ni mteremko ulio juu ya kijiji chetu, Isingiro, unaotazama magharibi, jua la alasiri linapopiga bila kuomba radhi. Mtu asiye wa huku lazima aelezwe kidogo ili aelewe tusi lenyewe. Kwetu kibanja ni nyumbani: ndizi, kahawa, maharage chini yake, samadi ya vizazi na makaburi ya watu wako. Nje ya kibanja kuna rweya, nyika ya majani, ambako ng'ombe hulishwa na nyasi za kutandaza kwenye migomba hukatwa. Rweya si ya mtu. Mwanamke anaweza kuazima kipande alime njugumawe msimu mmoja, kisha majani yanajirudia na yeye anasahauliwa. Na kile nilichopewa hakikuwa hata rweya yenye heshima zake. Kilikuwa changarawe nyeupe na mawe, majani yameota moja moja, na mteremko mkali kiasi kwamba mbuzi wenyewe walipanda wakifikiri.

Mzee anayeusemea ukoo, baba mdogo wa baba yangu, aliona aibu kidogo, au labda alitaka tu kikao kiishe. Akaweka sharti. "Ukikifanya kibanja, ni chako. Vuli tatu zikipita tutakuja kuona. Kikiwa bado rweya, kinarudi kwa kaka yako. Kikiwa kibanja, siku hiyo tutakupandia milamula."

Mlamula ni mti wa mpaka. Ni mti mwembamba wenye majani marefu yaliyochongoka, na kijiti chake ukikichomeka ardhini kinachipua. Wanaume wa ukoo ndio huupanda, mbele ya watu, na ukishasimama hapana mkono wa mtu utakaougusa. Hata anayekuchukia hatang'oa mlamula wako. Ataitisha kikao, asimame, aseme sababu. Nilirudi kwenye kibanda cha kuku nilichokuwa nalala wakati ule nikajiambia kwamba nitaipata hiyo milamula hata kama itabidi niule huo mlima kwa meno.

Kosa langu la kwanza lilikuwa unadhifu. Mama yangu ni mtu wa Nyabiyonza, huko kwenye migomba mizito, na alinilea kuamini kwamba shamba linapaswa kuwa safi mpaka ukitembea humo usikanyage kitu kigumu. Kwa hiyo nilianza kwa kuokota mawe. Niliokota mwezi mzima, nikiyajaza kwenye kikapu na kuyamwaga korongoni. Mteremko ukabaki mweupe na laini, umefagiliwa kama uwanja wa kanisa. Nilijisifu mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyeelekea kunisifu.

Kisha nikachimba mashimo kwa mtaimbo, maana jembe liligonga na kurudi. Mtaimbo uliingia inchi mbili ukakuta mwamba, ukabidi usogezwe kutafuta ufa. Nilipanda machipukizi kumi na manane. Samadi niliibeba kichwani kutoka njiani, kwa sababu kaka alisema samadi ya zizini ni ya kibanja, ila kile ambacho ng'ombe wameangusha barabarani ni cha yeyote. Nikawa natembea nyuma ya ng'ombe wa ndugu yangu na karai. Majirani waliniamkia kwa adabu zote, na nilipopita nikasikia vicheko vyao.

Mvua ilipokuja ilishuka na udongo wote uliokuwapo. Nilisimama mlangoni pa kibanda cha kuku nikaona maji meupe yakiteremka kuelekea kwenye kibanja cha kaka yangu, yakimpelekea udongo wangu bila hata yeye kuuomba. Migomba iliyosalia ikageuka manjano, majani yakabaki na mishipa ya kijani tu. Nililaumu mbegu, nikalaumu samadi ya barabarani, nikalaumu jicho la wifi yangu.

Bwana shamba alipopita na pikipiki yake kukagua kahawa huko chini, nilimkamata nikampandisha. Alipanda akihema. Akatoa kichupa mfukoni, akadondoshea tone juu ya jiwe, jiwe likatoa povu. "Hii ni chokaa, dada," akasema. "Udongo wenyewe ni kiganja kimoja, chini yake ni jiwe la chokaa tupu. Mgomba hapa utaugua mpaka ufe. Maji hayakai, na chakula kilichomo mizizi yake haiwezi kukichukua."

Nikamuuliza nipande nini basi. Akajikuna kichwa, akatazama bonde, akatazama pikipiki yake. "Labda ufuge mbuzi," akasema.

Nilimfukuza. Nasema kweli, nilimfukuza mtu wa serikali kwa mdomo wangu, kisha nikakaa chini nikalia, nikiwa na hasira kwamba nalia. Nilikuwa nimekaa kwenye pembe ambayo sikuwahi kuisafisha. Nikang'oa jiwe nilirushe, sijui kwa nani, na chini yake udongo ulikuwa mbichi. Ilikuwa kiangazi, mvua imekatika zaidi ya mwezi, upande niliousafisha umekuwa unga, na hapa chini ya jiwe palikuwa na giza, unyevu na jongoo amejikunja amestarehe. Nikafunua lingine, mambo ni yale yale. Nikaelewa kwamba yale mawe yalikuwa matandazo ya huu mlima, na mimi nilikuwa nimetumia mwezi mzima kuuvua nguo juani.

Kwa hiyo nilishuka korongoni nikaanza kuyapandisha.

Hapo ndipo kijiji kilipocheka mpaka kikaketi. Mwaka jana kayashusha, mwaka huu anayapandisha! Wifi yangu aliniuliza kwa upole kama nimelala vizuri. Kuna waliosema talaka imenipanda kichwani. Nami niliwajibu kila mmoja, maana sikuumbwa kunyamaza. Makubwa niliyapanga mistari kukata mteremko, kama ngazi, ili maji yakishuka yakute mlango umefungwa. Madogo niliyatawanya juu ya udongo. Viganja vyangu vilichanika vikapona vikachanika tena, na mpaka leo nikishika kitambaa laini kinanasa.

Mikono hiyo ndiyo aliyoiona bibi wa duka, pale senta, nilipokwenda kununua chumvi. Ni mama mtu mzima wa Kiislamu. Babu yake alikuja huku na biashara kutoka pwani, na yeye kazaliwa hapa hapa, anakisema Kinyambo chetu vizuri kuliko mimi, lakini jikoni kwake bado ni pwani.

"Mwanangu, mikono hiyo umepigana na nani?"

"Na mawe, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mawe gani?"

Nikamweleza yote, pamoja na povu la bwana shamba. Akanisikiliza akipima sukari ya mteja mwingine, kisha akaingia ndani akatoka na mfuko wa mbaazi. "Kule kwa babu zangu," akasema, "watu wanalima juu ya matumbawe. Mawe ya bahari, meupe, makali yanakata mguu. Chokaa tupu. Na mbaazi zinaota humo kwa kiburi. Mzizi wake unatafuta ufa unashuka nao. Chukua ukapande, usinishukuru kwanza."

Sikuwahi kula mbaazi maishani. Huku kwetu tunakula maharage, na mbaazi watu waliziita chakula cha Waswahili. Mama alipoziona alizigeuzageuza kiganjani. "Hiki ni chakula au ni dawa ya minyoo?" akauliza. Wakati huo mama alikuwa anakaa kwa kaka, kwenye chumba cha nyuma, na kila siku alikuwa akipanda na fimbo yake kuja kunitazama, akilalamika njia nzima. Alichuchumaa, akasogeza jiwe kwa ncha ya fimbo, akatia punje, akarudisha jiwe karibu yake. Tukapanda mteremko mzima namna hiyo, yeye mstari wake na mimi wangu.

Mbaazi haina haraka. Miezi ya kwanza inakua kana kwamba imelazimishwa, na watu wanapata muda wa kutosha kukucheka. Lakini vuli ikapita, masika yakapita, kiangazi kikaingia, mlima wote ukawa na rangi ya mkate ulioungua, na wangu ukawa wa kijani mpaka kiunoni, na maua ya manjano, na nyuki. Nilivuna, nikamwaga ungoni, nikapeta, nikapika kwa chumvi na kitunguu. Mama alikula mabakuli mawili, akasema si mbaya kwa dawa ya minyoo.

Wazee walikuja kiangazi kilichofuata vuli ya tatu. Walipanda taratibu wakishikana mikono, na kaka yangu nyuma yao, amechana nywele. Nilijua kwa nini amechana nywele. Alikuwa ameshazungumza na watu wa kokoto waliotaka kuupasua mlima ule kwa ajili ya barabara.

Msemaji wa ukoo alizunguka, akahema, akapiga teke ukuta wangu wa mawe kuona kama utaanguka. Haukuanguka. "Mgomba uko wapi?" akauliza.

"Hakuna, waitu," nikajibu kwa heshima.

"Mbuni?"

"Hakuna."

"Sasa kibanja kiko wapi, binti yangu?"

Nikasema kibanja umesimama ndani yake. Nikasema hapa kuna chakula wakati huko chini mnasubiri mvua. Nikasema mengi, na sauti ilipanda kuliko inavyopaswa mbele ya wazee. Akanitikisia kichwa, si kwa ubaya. Hata rweya, akasema, huzaa njugumawe, na njugumawe hazijawahi kuifanya rweya kuwa nyumbani. Palipo nyumbani pana mgomba. Kaka alikuwa anatazama bonde, anajizuia asitabasamu, na nilitamani kumsukuma.

Mama alikuwa amekaa juu ya ukuta, fimbo kati ya magoti. "Mimi nikifa," akasema, "mtanizika hapa."

Kwetu hapana mtu anayemzika mama yake rweyani. Palipo na kaburi la mama ni kibanja, pawe na mgomba au pasiwe, na kila mzee pale alilijua hilo tangu hajaota ndevu. Kaka akasema kwa haraka, "Mama, nafasi yako ipo, pembeni ya baba."

"Baba yako nimelala pembeni yake miaka arobaini," mama akasema. "Amenikoromea vya kutosha."

Wazee wakajitenga wakanong'ona. Waliporudi msemaji akatoa hukumu: siku mama atakapozikwa pale, siku hiyo hiyo watapanda milamula, na mteremko utakuwa wangu. Kabla ya hapo ni wa kuazima. Na mama akizikwa kwingine, basi, unarudi kwa kaka yangu.

Nilifurahi. Niliwapikia wazee mbaazi nikawasindikiza nikiimba. Sikuona wakati ule kitu nilichokuwa nimekikubali.

Mama alihamia kwangu, kwenye nyumba ndogo ya udongo niliyokuwa nimejijengea kule juu. Ndipo kaka yangu alipogeuka mtoto mwema. Mikungu mizuri ya ndizi ilipanda mlima. Kiti cha mapumziko kilipanda mlima. Kila juma alikuja mwenyewe kumwambia mama kwamba kamwekea sakafu ya saruji kwenye chumba cha nyuma, ashuke tu, baridi ya huku juu itamuua. Na kila mama alipokohoa, kaka alimtazama usoni kwa makini. Nilimchukia kwa yale macho. Ilinichukua muda kutambua kwamba mama akikohoa mimi pia ninaacha ninachofanya, nasikiliza.

Masika yaliyofuata alishikwa na nimonia. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Alikaa huko siku tisa. Alipoanza kupata nafuu, kaka na mimi tulianza kugombana kando ya kitanda chake kuhusu atakwenda kuuguzwa wapi. Kaka alisema kwake kuna barabara na zahanati karibu. Mimi nilisema kwake mwenyewe ni kwangu, kila mtu amesikia. Tukapaza sauti, kila mmoja kashika upande wake wa blanketi, mpaka muuguzi akatuambia kama tunataka kugawana mgonjwa twende tukagawanie nje.

Na huko nje, koridoni, nilijisikia nikiwaza. Nitaliandika kama lilivyokuwa, maana nimechoka kulibeba: niliwaza kwamba lazima apandishwe mlimani upesi, kabla halijatokea lolote, kwa sababu likitokea akiwa kwa kaka atazikwa huko na mimi nitakuwa nimepoteza mawe yangu. Nilimwaza mama yangu aliye hai kama mtu anayewaza mavuno yasinyeshewe. Nilimtazama kaka yangu, akanitazama, nikaona kweli sisi ni damu moja. Nilikwenda bombani nikanawa uso.

Niliporudi kando ya kitanda nikamwambia kaka, "Mchukue. Kwako kuna zahanati." Mama alifungua jicho moja, akalifumba.

Jumapili iliyofuata sikwenda ibadani. Nilimwomba jirani wa upande wa pili anikatie vijiti kwenye milamula ya mpaka wake. Akaniuliza ni vya nini, nikamwambia, akasita, kisha akakata. Nilipanda navyo mteremkoni na mtaimbo begani. Nilichagua saa ambayo Walutheri wanatoka na Wakatoliki nao wanatoka, na njia ile imejaa watu waliovaa vizuri wasio na haraka ya kwenda popote. Nilianza pembe ya chini kabisa, karibu na njia, ili asiyeona awe kipofu.

Watu walisimama. Mama mmoja wa kwaya akauliza, "Nani kakupandia?"

"Mimi mwenyewe."

"Wazee wako wapi?"

"Nyumbani kwao."

Nilipofika kijiti cha nne kaka akatokea, anakimbia na koti la kanisani, viatu vyake vinateleza kwenye changarawe. "Nani kakuruhusu?"

"Hakuna."

"Mwanamke hapandi mlamula!"

"Umeshapandwa."

"Ng'oa."

"Ng'oa wewe, kaka."

Akakishika. Aliinama akakishika kijiti changu cha kwanza kwa mkono wake wote, na watu njiani wakasogea karibu. Aliona walivyokuwa wakimtazama. Akabaki ameinama vile, hakivuti wala hakiachii. "Nitaitisha kikao," akasema.

"Itisha," nikamwambia, na sikupunguza sauti, nilitaka mpaka wa kwaya wasikie. "Simama mbele ya ukoo useme mama hajafa, na kwamba mpaka wangu lazima umsubiri afe. Useme kwa mdomo wako. Na mimi nitasimama niseme kwamba nilikuwa nasubiri pamoja nawe. Nitasema hata nilichowaza hospitali. Halafu tuone nani kati yetu atalala usingizi."

Aliachia. Alijifuta mkono kwenye koti, akateremka bila kumwamkia mtu. Mimi niliendelea kuchimba, kwa haraka kiasi kwamba mtaimbo uligonga mguu wangu mara mbili. Vijiti vyote kumi na viwili viliingia. Mpaka ninapoandika haya kikao hakijaitishwa, na kabla masika hayajakatika vilikuwa vimechipua vyote isipokuwa kimoja, nacho nilikibadilisha mchana kweupe.

Siku ile ile nilishuka kwa kaka. Wifi yangu alinifungulia. Mama alikuwa kibarazani amejifunika khanga mbili, amekonda, kikombe mkononi. Habari zilikuwa zimeshamfikia kabla sijafika, lakini alitaka kuzisikia kwangu.

"Umepanda mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mchana?"

"Mchana, watu wametoka kanisani."

Akanywa chai, akafikiri. "Kwa hiyo lile shamba halinisubiri tena."

"Halikusubiri, mama. Uzikwe unapotaka. Hapa, kule, hata kwenu Nyabiyonza."

"Basi sina haraka," akasema, na kunisogezea kikombe nimwongeze chai.